Mgeni Kwenye Ridimu

Mpiga benga akihamia ng'ambo, nusu ya kazi yake hubaki nyumbani. Benga ya Wakisii wa Kenya, aliyoijengea jina marehemu Christopher Monyoncho, inataka magitaa yanayojibizana, besi na ngoma, tena mikononi mwa watu waliokulia ndani yake. Ugenini watu hao ni adimu. Mwimbaji wa rege, na hasa wa raga ambayo wengine huiita dansihoo, husafiri na mzigo mwepesi zaidi. Sura hii inaeleza kwa nini muziki huu humfaa mhamiaji, na unapofika mahali ukaacha kumfaa.

Bendi ndani ya kinanda

Siri ya kwanza ni ridimu, yaani mdundo na besi vilivyokwisha kutengenezwa, ambavyo waimbaji kumi wanaweza kuviimbia nyimbo kumi tofauti. Wajamaika walikuwa na desturi hiyo tangu zamani, lakini mwaka 1985 ilipata njia ya mkato. Mwimbaji Wayne Smith aliimba "Under Mi Sleng Teng" juu ya mdundo uliotoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, na mtayarishaji Prince Jammy akautengeneza wimbo huo. Hapakuhitajika mpiga ngoma wala mpiga gitaa. Tangu hapo, mtu mwenye sauti, maneno na ridimu aliweza kurekodi bila kulisha bendi, jambo kubwa kwa mhamiaji asiyemjua mwanamuziki hata mmoja mjini.

Lugha isiyo na mwenyeji

Siri ya pili ni patwa, lugha ya mitaa ya Jamaika. Kule Nairobi na Kampala haina mwenyeji, kwa hiyo wote wanaoiimba ni wageni sawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Moses Ssali, tunayemjua kama Bebe Cool, alitoka Uganda akaja Nairobi na kufanya kazi na watayarishaji wa muziki wa Ogopa Deejays. Mganda mwenzake, Jose Chameleone, alipitia mlango huohuo, ingawa yeye alivuma na "Mama Mia" akiegemea Kiswahili. Katikati ya miaka ya 2000 Bebe Cool aliungana na Nazizi na Wyre wa kundi la Kenya, Necessary Noize, wakaunda East African Bashment Crew. "Africa Unite" na "Fire" zikachezwa pande zote mbili za mpaka, na wasikilizaji hawakushughulika kuuliza nani Mganda, nani Mkenya.

Bei ya usawa

Lakini lugha inayowafunika wote haimwonyeshi yeyote. Anayeimba patwa tupu anashindana na Wajamaika katika lugha waliyonyonya. Bebe Cool alirudi Kampala, akajenga kundi lake la Gagamel, akaimba Kiganda, na huko ndiko alikoota mizizi. Hardstone wa Nairobi alichanganya raga na Kikuyu katika "Uhiki", aliourekodi na mtayarishaji Tedd Josiah katika miaka ya 1990. Baadaye alihamia Marekani, lakini ukimtaja hadi leo, Wakenya hukujibu kwa wimbo huo.

Kutoka Nyamira hadi Minnesota

Sasa mfikirie kijana wa Nyamira aliyehamia Minnesota, jimbo la Marekani lenye Wakisii wengi. Usiku ana zamu katika makao ya wazee. Mchana anarekodi chumbani, blanketi limetundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Wateja wake wa kwanza si klabu za Wamarekani. Ni arusi, mahafali na michango ya watu wa kwao, na huko kiitikio cha Ekegusii, lugha ya Wakisii, ndicho kinachowanyanyua watu vitini. Ndicho pia kinachoweza kurudi nyumbani kupitia redio ya Egesa FM na kusikika ndani ya matatu za Keroka, mji uliokaa nusu Kisii, nusu Nyamira.

Kuna pia suala la pesa. Ridimu nyingi za mtandaoni huuzwa kwa leseni ya kukodi: mtengenezaji anabaki na haki ya kuwauzia wengine, na mara nyingi mkataba huweka kikomo cha mara ambazo wimbo unaweza kusikilizwa. Wimbo ukivuma, mwimbaji hulazimika kurudi mezani kulipa zaidi, huku mdundo uleule ukisikika kwa wenzake. Kilicho chake bila ubishi ni maneno na sauti aliyotunga.

Kijana wa Nyamira anaweza kuongeza cha tatu. Obokano, ala kubwa ya Wakisii yenye nyuzi nane, hunguruma chini kabisa, palepale rege inapoweka besi yake. Akimlipa mpigaji wa nyumbani amrekodie mistari michache na kumtumia kwa simu, huku wakiandikiana mgawo wa mapato mapema, atakuwa na ridimu asiyoikodi kwa mtu. Gharama yake huenda isizidi ya leseni anazonunua kila mwaka, na muuzaji wa mtandaoni hatakuwa na cha kuwauzia washindani wake.