Chombo Chako na Hati ya Bima

Mwenzetu mmoja wa Jambiani alitujia hivi karibuni na bahasha mkononi, uso umemsawijika. Wanachama wanajua kuwa Jambiani ni kwenye mawe, wala karafuu haioti juu ya mawe. Mikarafuu yake ni ya urithi, huku upande wa magharibi. Kwa pesa za misimu miwili alinunua mashua yenye mashine, akaikatia bima, akalala usingizi wa raha. Kusi likavuma. Kamba ya nanga ikakatika, mashua ikapigwa juu ya mwamba na mbao zikaachana. Alipodai fidia, jibu likaja kuwa halipwi hata senti moja.

Tuliisoma hati ile pamoja naye, mstari kwa mstari, mpaka kahawa ikatupoa. Tatizo halikuwa kusi wala mwamba. Fomu aliyoijaza ilimwuliza chombo ni cha kazi gani, naye akajibu kuwa ni cha matumizi yake mwenyewe. Na siku ile mashua ilikuwa imewapeleka wageni mwambani kutazama samaki, kwa malipo. Wageni walirudi salama katika ngalawa ya jirani, alhamdulillahi, lakini habari za malipo yao ziliandikwa.

Mwenzetu aliona kuwa amedhulumiwa, na sisi mwanzo tulimwonea huruma. Lakini bima ya baharini tangu zamani imesimama juu ya ukweli wa mwenye chombo. Mtoa bima hakai ufukweni kukuangalia. Anapima hatari kwa maneno yako, na kwa hayo anakadiria ada. Chombo cha mtu na wanawe hutoka mara chache, tena siku bahari imetulia. Chombo cha kukodisha hutoka kila siku, na nahodha huona haya kumwambia mgeni aliyekwisha lipa kwamba leo upepo mbaya. Hatari hizo mbili si moja, na ada zake si moja. Ukibadilisha kazi ya chombo, peleka habari kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza.

Hati yenyewe kwa kawaida hulipa maafa ya bahari: tufani, kupanda mwamba, kuzama, moto, na mara nyingi wizi. Hailipi uchakavu. Mbao zilizotobolewa na wadudu wa bahari, au chombo kilichokosa kalafati kikavuja taratibu, hayo ni juu ya mwenyewe. Wala hailipi vita, isipokuwa kwa bima ya mbali. Hapa Unguja tuna mfano mkubwa. Tufani ya Aprili 1872, ile iliyoing'oa mikarafuu ya kisiwa hiki, iliziangamiza pia merikebu za Seyyid Barghash. Baadaye alijengewa Uingereza merikebu ya starehe, Glasgow, iliyofika hapa mwaka 1878. Nayo ikazamishwa kwa mizinga ya Waingereza bandarini tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia saa moja. Kwa hati ya kawaida ya leo, msiba wa kwanza ungeingia katika madai, wa pili ungekataliwa.

Angalieni na thamani. Wako wanaoandika nusu ya bei ili ada ipungue. Hati nyingine zina kifungu kinachosema kuwa mtu wa namna hiyo atalipwa kwa kadiri ileile: mashua ya shilingi milioni 12 iliyoandikwa milioni 6, ikipata hasara ya milioni 2, mwenyewe hupata milioni 1. Tena bima ya chombo si lazima iwe bima ya watu waliomo, wala ya mwani wa kina mama utakaoukata kwa rafadha. Ulizeni hayo mbali.

Siku ya ajali usikiache chombo kikapondwa na mawimbi kwa kuwa kina bima. Okoa unachoweza, weka stakabadhi za gharama, piga picha, na toa habari siku ileile. Cheti cha Mamlaka ya Usafiri Baharini kiwe hakijapita muda. Na mwenye kuona kuwa amekataliwa bila ya haki, anaweza kushitaki kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, nayo ina ofisi hapa Zanzibar.

Mwenzetu hakwenda. Fundi amekwisha badilisha mbao saba, kwa pesa za karafuu ya mwaka huu, na mashua itashushwa maji ya bamvua. Fomu mpya ameijaza mbele yetu: kuchukua wageni kwa malipo. Ada imepanda, akaguna, akalipa.