Urani ya Namtumbo: Kuchimba ni kwetu, kubangua ni kwa nani?

MKULIMA wa korosho wa Tunduru analijua vizuri tatizo la kuuza mali ghafi. Korosho zinavunwa kwake, zinapimwa ghalani, zinanadiwa, kisha nyingi zinapakiwa melini zikiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam. Ajira na faida ya kubangua vinabaki huko.

Majirani zake wa Wilaya ya Namtumbo, katika mkoa huo huo wa Ruvuma, wana mali nyingine inayoelekea kupita njia hiyo hiyo. Ni madini ya urani ya Mto Mkuju. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia kubadilishwa kwa mpaka wa Pori la Akiba la Selous ili kupisha mradi huo. Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata madini hayo. Mradi unaendeshwa na kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo chini ya Rosatom, shirika la serikali ya Urusi.

Kinachotoka kwenye mgodi wa urani huwa ni unga uliosafishwa, ambao bado hauwezi kuwasha hata taa moja katika vinu vingi vya umeme duniani. Kati ya unga huo na umeme kuna hatua ambayo nchi chache tu ndizo zinaimiliki, nazo haziko tayari kuigawa.

Kurutubisha bila mbolea

Hatua hiyo inaitwa kurutubisha urani. Kwa mkulima, kurutubisha ni kuweka mbolea. Hapa hakuna kinachoongezwa. Katika kila kilo 1,000 za urani asilia, kama kilo 7 tu ndizo za aina inayopasuka kwa urahisi na kutoa joto la kuzalisha umeme. Kazi ni kupunguza ile isiyofaa mpaka inayofaa ifikie asilimia 3 hadi 5.

Urani hugeuzwa kuwa gesi, kisha huzungushwa kwa kasi kubwa mno katika maelfu ya mashine zilizounganishwa. Aliyewahi kuona mashine ya kutenganisha krimu na maziwa anaweza kupata picha: kizito kinasukumwa pembeni, chepesi kinabaki katikati.

Tatizo ni kwamba mashine zile zile zikiendelea kuzunguka zinaweza kufikisha urani asilimia 90, kiwango cha kutengeneza bomu. Tena sehemu kubwa ya kazi huwa imeshafanyika kabla ya kufika asilimia 20. Hapo ndipo siasa inapoingia.

Urusi peke yake ina takriban asilimia 40 ya uwezo wa dunia wa kurutubisha. Sehemu kubwa ya uwezo uliobaki iko kwa China, Ufaransa, na kampuni ya Urenco inayomilikiwa kwa ubia na Uingereza, Ujerumani na Uholanzi.

Haki iliyoandikwa na haki inayotumika

Kwa maandishi, kila nchi ina haki. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, unazitambua nchi tano tu kuwa na silaha hizo: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Nchi nyingine zilizousaini ziliahidi kutotengeneza silaha na kukubali ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Kwa malipo ya ahadi hiyo, mkataba unasema zina haki isiyoondolewa ya kutumia nyuklia kwa amani.

Utekelezaji ni habari nyingine. Falme za Kiarabu zilipotaka vinu, zilisaini makubaliano na Marekani mwaka 2009 na kukubali kutorutubisha urani nchini mwao. Zikajengewa vinu vinne na Korea Kusini huko Barakah. Cha mwisho kilianza kazi ya kibiashara mwaka 2024, na vyote vinne vinatoa kama robo ya umeme wa nchi hiyo.

Iran, ng'ambo ya Ghuba, ilishikilia kwamba kurutubisha ni haki yake, na ikafikia asilimia 60. Ikawekewa vikwazo, na Juni 2025 viwanda vyake vikashambuliwa kwa mabomu na Israel na Marekani. Israel yenyewe haijawahi kuusaini mkataba huo.

Vinu vidogo, foleni ile ile

Siku hizi wauzaji wanakuja na vinu vidogo, vya megawati 300 au pungufu. Kwa nchi zenye gridi ndogo hoja yao ina uzito. Kanuni ya wataalamu ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi, la sivyo ukizimika ghafla nchi nzima inaingia gizani. Kenya, ambayo mahitaji yake ya juu yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, ingepata taabu kubeba kinu kimoja cha megawati 1,000.

Lakini aina nyingi za vinu vipya zinataka urani iliyorutubishwa zaidi, kati ya asilimia 5 na 20. Hata wakubwa wamekwama hapo. Desemba 2022, kampuni ya TerraPower iliyoanzishwa na Bill Gates ilitangaza kwamba kinu chake cha Wyoming, Marekani, kitachelewa kwa angalau miaka miwili, kwa sababu muuzaji pekee wa mafuta hayo kibiashara alikuwa Urusi, na vita vya Ukraine vilikuwa vimefunga mlango. Mei 2024 Marekani ikapiga marufuku kwa sheria urani ya Urusi. Novemba mwaka huo Urusi nayo ikaweka vizuizi vyake.

Mkulima wa mahindi chotara ataelewa. Shamba ni lake na jasho ni lake, lakini mbegu ya msimu ujao iko dukani kwa mtu mwingine.

Mikopo inakuja

Juni 2025 Benki ya Dunia iliondoa marufuku yake ya miaka mingi ya kugharamia nyuklia. Misri haikusubiri. Huko El Dabaa, Urusi inajenga vinu vinne vya megawati 4,800 kwa mkopo wake wa Dola za Marekani bilioni 25, na ndiyo itakayoleta mafuta kwa maisha yote ya vinu hivyo. Umeme utapatikana, lakini mkopeshaji, fundi na muuza mafuta ni mmoja.

Niger ni fundisho la upande wa pili. Urani imechimbwa Arlit tangu miaka ya 1970 na kulisha vinu vya Ufaransa, huku Waniger wengi wakilala gizani. Juni 2025 serikali yake ilitangaza kuutaifisha mgodi wa Somaïr. Mgodi unaweza kutaifishwa, lakini kiwanda cha kurutubisha kiko Ufaransa.

Kwa Kenya, ubishi umeanzia kwenye ardhi na bahari. Mei 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu wakihofia uvuvi wao, na mwaka 2025 macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Hofu hizo ni za haki. Lakini mwenye mashine ya kusaga na mwenye jokofu la samaki wana swali jingine la kuuliza kabla saini haijawekwa: mafuta ya kinu yatatoka kwa nani, na akigombana na nchi yetu tutanunua wapi?

Namtumbo nako kuna la kuuliza mapema. Wakulima wa korosho walichelewa kuuliza nani atabangua, na mpaka leo wanalipia kuchelewa huko.