Kazi Imekatika na Centrelink Imekataa: Usiuguze Moyo Kimya Kimya

Makala ya leo ni ya yule aliyeambiwa na wakala wa kazi "tutakupigia" na sasa ni wiki ya tatu simu haijalia. Wengi wetu hapa Campbelltown tunabeba maboksi kwenye maghala ya Ingleburn na Minto, au tunahudumia wazee, na kazi yenyewe ni ya casual. Casual haina likizo ya ugonjwa wala malipo ya kuagwa. Zamu zikikatika, pesa imekatika siku hiyo hiyo. Unakwenda Centrelink, na huko unapata habari ya pili: hustahili.

Kwa nini? Kama una visa ya kudumu lakini hukuja kama mkimbizi, tangu tarehe 1 Januari 2019 unasubiri miaka 4 kabla ya kupata JobSeeker. Zamani ilikuwa miaka 2. Aliyekuja kwa visa ya ukimbizi hasubiri. Mwanafunzi na mwenye visa ya kazi ya muda hawapati JobSeeker kabisa, hata wakikaa miaka mingapi. Anayeomba hifadhi ana msaada wa aina nyingine kupitia wizara ya mambo ya ndani, unaoitwa SRSS, nao tangu 2018 umebanwa sana. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na ndugu wawili, wote wamekatwa kodi kwenye mshahara, mmoja analipwa na mwenzake hapana. Jambo hili linaleta chuki ndani ya nyumba, na si kosa la yeyote kati yao.

Kabla hujakata tamaa, kuna jina moja la kulitaja mwenyewe: Special Benefit. Mwenye visa ya kudumu aliye ndani ya muda wa kusubiri anaweza kuiomba kama maisha yake yamebadilika sana baada ya kufika hapa kwa sababu asiyoweza kuizuia, kwa mfano ndoa iliyovunjika kwa kupigwa, au ugonjwa mzito. Kukosa kazi peke yake mara nyingi hakutoshi. Na wewe uliyeletwa na mwajiri kwa visa ya 482, ukiachwa na mwajiri huyo, tangu Julai 2024 una siku 180 za kutafuta mwingine, siyo 60 kama zamani. Kama unaona umefukuzwa kwa uonevu, malalamiko kwa Fair Work Commission yanapelekwa ndani ya siku 21. Zikipita, kufunguliwa tena ni taabu.

Sasa tuje kwenye afya yenyewe, maana pesa si kitu cha kwanza kinachoumiza. Kinachoumiza ni kuficha.

Mnajua jinsi inavyokwenda. Nyumbani wamezoea kupokea kila mwezi: ada ya mtoto wa dada, dawa za baba. Kazi imekatika, lakini unaona aibu kusema, kwa hiyo unakopa kwenye kadi ya benki ili utume. Mwezi wa pili unakopa tena. Mwezi wa tatu unaacha kupokea simu zao. Usingizi unapotea, kichwa kinauma, presha inapanda, na wengine chupa inaingia. Kule nyumbani nao hawalali, wanadhani umewasahau au umepatwa na jambo.

Wapigie wiki ya kwanza. Usizunguke: "Mama, kazi imesimama. Mwezi huu na ujao sitaweza kutuma. Mimi ni mzima, nikipata nitakwambia." Basi. Usiahidi tarehe. Atasikitika, pengine kaka atanung'unika, lakini deni la kadi hutakuwa nalo. Na kama umo kwenye upatu, mwambie mshika fedha kabla ya siku ya kutoa, wala usisubiri ajue kwa watu. Wengine wanaweza kukubali kukupa zamu yako mapema.

La pili ni siku zenyewe. Kuna kijiji kinaitwa Marienthal, karibu na mji wa Vienna kule Austria, ambako kiwanda cha nguo kilifungwa kuanzia 1929 na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Posho ya serikali ilikuwa ya muda, kisha inakatwa. Watafiti, akiwemo Marie Jahoda, waliwachunguza na mwaka 1933 wakatoa kitabu. Walikuta jambo la ajabu: watu walikuwa na muda mwingi, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu. Wanaume walitembea polepole barabarani, wanasimama simama, na ukiwauliza mchana wamefanya nini hawakumbuki. Wanawake walitembea haraka zaidi kwa sababu nyumbani kazi zilikuwa palepale. Mimi nikisoma habari hiyo naona sebule zetu: mapazia yamefungwa saa nne asubuhi, televisheni inaongea peke yake.

Kwa hiyo toka nje kwa saa maalumu, hata kama huna pa kwenda. Maktaba ya H.J. Daley pale Hurley Street ina kompyuta za bure, na barua za kuomba kazi zinaandikika vizuri kuliko kitandani. Ukichoka na barua, Bustani ya Mimea ya Mount Annan haina kiingilio. Tembea nusu saa, jua likupige. Na akina baba, kumpeleka mtoto shule na kumrudisha ni kazi pia, msiwaachie akina mama yote.

Kuhusu dawa: usiache vidonge vya presha au sukari ili kubana matumizi. Kunyimwa Centrelink si kunyimwa Medicare. Mwenye visa ya kudumu anayo hata akiwa anasubiri ile miaka 4, na waombaji hifadhi wengi wenye ruhusa ya kazi wanayo. Mwanafunzi anatumia bima yake ya OSHC. Kwa mwenye Medicare, tangu Januari 2026 dawa nyingi za daktari hazizidi dola 25, na kwa maradhi ya kudumu muulize daktari kama anaweza kukuandikia za siku 60 kwa mara moja. Muombe pia mpango wa afya ya akili: Medicare inachangia vikao hadi 10 vya mshauri kwa mwaka. Hakuna anayekuita kichaa kwa hilo. Aliyepitia vita au mateso aulize STARTTS, wao hawatozi.

Madeni yasikunyime usingizi bila sababu. Namba 1800 007 007 ni washauri wa madeni, bure, na wanajua kuongea na benki. Bili ya umeme ikikushinda, omba vocha za EAPA kupitia Service NSW. Kodi ya nyumba, ongea na wakala kabla hujafikisha siku 14 za kuchelewa, kwa sababu baada ya hapo anaweza kukupa notisi ya kuhama. Chakula kikiisha, Vinnies na Salvation Army wapo. Waombaji hifadhi wana Asylum Seekers Centre kule Newtown na Jesuit Refugee Service Parramatta. Na mjiepushe na wale wanaosema wanaweza kukutolea super yako kwa ada kidogo. Njia ya kawaida ya shida ya fedha inadai uwe umelipwa msaada wa serikali wiki 26 mfululizo, kitu ambacho ndicho ulichonyimwa.

Mawazo ya kutaka kufa yakikujia, piga Lifeline 13 11 14 usiku au mchana, na kwa hatari ya papo hapo 000. Kama Kiingereza kinakupotea ukiwa na uchungu, piga kwanza 131 450, useme "Swahili", kisha utaje unayetaka kuunganishwa naye. Iandike namba hiyo leo kwenye mlango wa friji.