Baiskeli na Theluji Iyeyukayo

Katika majira ya kuchipua, milima ya Karwendel nchini Austria huwa na hali mbili kwa wakati mmoja. Chini, katika kijiji cha Scharnitz kilicho mita 964 juu ya usawa wa bahari, barabara ni kavu na majani yamekwisha kuota. Juu, kuelekea kilele cha Birkkarspitze chenye mita 2,749, theluji ingali nene. Sababu ni kwamba halijoto ya hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo wapanda milima wengi huko huendesha baiskeli hadi theluji inapoanzia, wakiwa wamefunga mgongoni mbao za kutelezea, yaani skii. (Mbao hizo hunasa matawi ya miti kwa urahisi wa kuudhi.)

Hudhaniwa kuwa baiskeli huchukuliwa ili kupunguza uchovu tu. La hasha, faida yake kubwa ni muda.

Usiku usio na mawingu, uso wa theluji hupoteza joto kwa njia ya mionzi. Maji yaliyomo huganda, na asubuhi theluji huweza kumbeba mtu. Jua likipanda, sentimeta chache za juu hulainika zikawa punje za duara, na hapo ndipo kuteleza huwa kuzuri. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 kwahitaji kilojuli 334, joto litoshalo kupandisha maji yayo hayo hadi nyuzi 80. Ndiyo maana theluji hukawia kulegea. Lakini ikishalegea, maji hupenya chini, vifungo baina ya punje hukatika, na mteremko mzima waweza kuporomoka na kuua. Basi mpandaji hana budi kuondoka gizani ili awe amekwisha kuteremka kabla ya adhuhuri, na baiskeli humpunguzia saa kadhaa za kutembea bondeni. Usiku wa mawingu theluji haigandi vema, na mwenye busara hubaki kitandani.

Kwenye theluji, mpandaji hubandika chini ya skii utepe wenye nywele zilizolala kuelekea nyuma: huteleza mbele, hukataa kurudi. Zamani ilikuwa ngozi ya sili. Siku hizi ni nailoni au sufi ya mbuzi wa Angora.

Wakati wa kurudi, baiskeli hushuka yenyewe. Mwanafunzi na akokotoe: mtu na mizigo yake, jumla kilo 90, akishuka mita 800, hupoteza nishati tuli ya kilojuli 700 hivi. Sehemu huchukuliwa na ukinzani wa hewa, sehemu huwa joto katika breki. Nishati hiyo yote ingeyeyusha kilo mbili tu za barafu.