Kwa Nini Vidaka Vyaanguka?

Siku moja mzee mmoja wa Likoni, mwenye shamba katika skimu ya makazi, aliingia ofisini petu na kikapu cha vidaka. Akavimwaga mezani, akasema, "Mwanangu, minazi yangu imepatwa na kijicho cha watu. Nazi zaanguka hata hazijawa dafu."

Nikavitazama, nikaona madoa ya kahawia yaliyobonyea, na utomvu uliokauka. Nikamwuliza, "Mzee, wale maji moto bado wako mitini?"

Akajibu, "Niliwachoma wote. Mkwezi alikataa kupanda kwa ajili yao."

Basi jibu lilikuwa hapo. Lakini ili tulifahamu vizuri, wakulima wenzangu, tujiulize kwanza: chakula hutoka wapi?

Chakula chote cha shamba huanzia kwenye jua. Jani la mnazi hushika mwangaza, likatumia maji na hewa kutengeneza sukari. Ndani ya sukari hiyo nguvu ya jua imewekwa akiba. Kunguni wa mnazi hufyonza kidaka, akaichukua nguvu ile. Maji moto humkamata kunguni, ikawa yake. Naye maji moto huweza kuliwa na ndege. Huu ndio mnyororo wa chakula.

Jambo kubwa ni hili: kila nguvu inapohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, nyingi hupotea. Wataalamu hukadiria kwamba kama sehemu 1 tu katika 10 ndiyo ifikayo hatua inayofuata. Mimea ikiwa na akiba ya pishi 1,000, walao mimea hupata kama pishi 100, na wawalao hao hupata pishi 10. Nyingine haikuliwa, nyingine hutoka kama kinyesi, na nyingine hutumika katika kutembea na kupumua, ikaondoka kama joto. Samadi hurudi udongoni ikawa mbolea, lakini joto lililokwenda halirudi. Kila asubuhi twangojea jua lilete nguvu mpya.

Ndiyo sababu panya ni wengi na mwewe ni wachache. Mlinzi wa shamba huishi kwa masalio ya hatua nyingi, kwa hiyo ni rahisi kummaliza na vigumu kumrudisha. Ukinyunyiza dawa ya sumu ovyo, wadudu waharibifu na walinzi hufa pamoja, na mara nyingi waharibifu ndio huongezeka upesi.

Lakini maji moto hamtegemei kunguni peke yake. Hula viwavi na wadudu wengine, na hunywa maji matamu yatokayo kwa vidudu wafyonzao majani. Minyororo hii imeshikana kama wavu wa mvuvi, na kila uzi huusaidia mwingine. Kunguni wakipungua, maji moto bado ana chakula, naye hukaa kulinda.

Mambo haya si hadithi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way aliyachunguza kule Unguja, na kunguni huyo huitwa na wataalamu Pseudotheraptus wayi kwa kumkumbuka yeye. Ilionekana kwamba penye maji moto wengi nazi huokoka. Ilionekana pia kwamba chungu wadogo wenye vichwa vikubwa, wakaao ardhini, hupigana na maji moto na kuwafukuza.

Wakulima wa Likoni, Kisauni na Changamwe, fanyeni hivi:

1. Okoteni vidaka mvitazame. Si vyote huangushwa na kunguni. Ukame pia huviangusha. Tafuteni madoa na utomvu.

2. Msichome viota vya maji moto. Kwa kawaida kundi zima lina malkia mmoja tu; akifa, kundi huisha.

3. Pandeni miembe, mikorosho au michungwa kati ya minazi. Maji moto hupenda kushona viota katika majani yake.

4. Ungeni mti na mti kwa kamba au ufito, wapite bila kushuka chini kwa adui zao.

5. Mkwezi ajipake majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda.

Yule mzee amekwisha kupanda miche ya miembe. Maji moto wameanza kuonekana tena mpakani mwa shamba lake, lakini nazi zake hazijarudi zote. Kiberiti kilifanya kazi yake kwa asubuhi moja. Wavu husukwa polepole.