Mguu Unaowaka Moto Usioonekana

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi sisi mafrateri hugawanywa kwenda na wahudumu wa parokia kupeleka Komunyo Takatifu kwa wagonjwa. Katika nyumba moja pembezoni mwa Jiji la Dodoma tulimkuta mara kwa mara mama mmoja, umri wa bibi zetu, amekaa kitandani na miguu iko nje ya shuka. Ilikuwa Julai, upepo wa baridi unavuma usiku kucha, lakini hakuweza kuifunika. "Wajukuu zangu," alituambia, "shuka likinigusa ni kama mtu ananimwagia makaa." Tulitazama: hapana jeraha, hapana uvimbe. Tukamwambia aunganishe maumivu yake na mateso ya Kristo, tukasali, tukaondoka tukiona tumesema vyema. Miezi michache baadaye alikatwa vidole viwili vya mguu uleule, kwa sababu ya mwiba uliomchoma asijue.

Laiti tungalijua machache ya haya tunayoandika leo, tungalimwuliza swali moja kabla ya kufungua kitabu cha sala: "Bibi, umepima sukari lini?"

Maumivu tuliyoyazoea ni ujumbe. Umejikwaa, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo, nawe unashika kidole na kupiga kelele. Jeraha likipona, ujumbe unakoma. Katika maumivu ya mishipa ya fahamu kilichoharibika ni mjumbe mwenyewe. Ni kama kengele ya kanisa inayolia usiku wa manane wala hakuna aliyevuta kamba. Mgonjwa husema anaungua, anachomwa sindano, anapigwa shoti, au anatambaliwa na siafu. Mara nyingi usiku huzidi. Ndugu zake wakimtazama hawaoni kitu, na baada ya miezi kadhaa huanza kunong'ona kwamba anajidekeza au amerogwa.

Jambo lililotushinda kuelewa ni hili: inawezekanaje mguu unaouma hivyo usihisi mwiba? Jibu ni kwamba mshipa ulioharibika unaacha kuleta habari za kweli kutoka nje, huku ukitoa kelele zake wenyewe. Ganzi na maumivu hukaa pamoja katika mguu mmoja. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii yuko hatarini mara mbili.

Kisukari ndicho chanzo kinachojulikana zaidi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Ile mirefu huumia kwanza, kwa hiyo shida huanzia vidoleni mwa miguu yote miwili na kupanda kama soksi. Wengine hugundua kwamba wana kisukari baada ya miguu kuanza kuwaka. Na hapa kwetu kuna dhana kwamba ugali wa mtama au uwele mgonjwa anaweza kula apendavyo. Ni chakula kizuri, lakini bado ni wanga. Kiasi chake sahanini ndicho kinachohesabika.

Lakini si kisukari peke yake. Wazee wa Dodoma wanaifahamu Hombolo kwa sababu ya kituo chake cha wagonjwa wa ukoma. Vimelea vya ukoma hushambulia mishipa ya fahamu yenyewe. Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 huua vimelea hivyo, na tangu 1995 hutolewa bure duniani kote. Hata hivyo mtu aliyekwisha kupona ukoma anaweza kubaki na maumivu ya neva kwa miaka. Baka lisilo na hisi kwenye ngozi si la kusubiria. Mkanda wa jeshi nao, hasa kwa wenye umri mkubwa, huacha maumivu makali pale palipokuwa na malengelenge, hata ngozi ikiwa imepona. Kuna walioishi na VVU tangu miaka ya dawa ya stavudini, ambayo mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe polepole kwa sababu, pamoja na madhara mengine, iliharibu neva. Pombe ya kila siku huharibu neva vilevile. Na anayetumia metformini kwa miaka mingi amwulize daktari kuhusu vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini.

Kuhusu dawa za maumivu, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa kununua diklofenaki. Kwa maumivu haya husaidia kidogo au haisaidii kabisa, na ikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo, ambazo kwa mgonjwa wa kisukari tayari ziko mashakani. Dawa zinazotuliza neva ni za aina nyingine: amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, gabapentini, pregabalini. Hazimalizi maumivu yote, na huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu. Amitriptilini huleta usingizi, mdomo kukauka na choo kigumu, na si kila mwenye ugonjwa wa moyo anaifaa, ndiyo maana hutolewa na daktari.

Hapa Dodoma ina kizuizi chake cha pekee. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona. Mtu akisikia hivyo, jina linalomjia ni Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili, ambayo mjini imegeuzwa kuwa utani. Bibi yule alitueleza baadaye kwamba aliwahi kuandikiwa vidonge hivyo, jirani akamwambia ni "dawa za wehu", akavitupa chooni. Utani huo wa Mirembe sisi wenyewe tumeutumia bwenini mara nyingi.

Kila jioni miguu itazamwe, nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atazamiwe na mjukuu. Kabla ya kuvaa, viatu vikung'utwe: mbigiri, kokoto, hata nge. Katambuga huzuia miiba ya porini vizuri, ila misumari iliyopigwa ndani hutoboa unyayo uliokufa ganzi, basi ikaguliwe. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Na ule mtindo wa kuota moto wa mkaa asubuhi za baridi umewaunguza wengi bila wao kujua. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe zahanati siku hiyohiyo. Kwa rufaa kuna Benjamin Mkapa jijini, na kwa wenzetu wa upande wa Singida kuna Mtakatifu Gaspar, Itigi.

Turudi kwa lile tulilomwambia. Kuunganisha mateso na Msalaba ni mafundisho ya kweli. Mtakatifu Yohane Paulo II aliyaandikia barua nzima, Salvifici Doloris, mwaka 1984. Lakini Kanisa halijasema popote kwamba dawa inapunguza thamani ya sala. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akijibu maswali ya madaktari, alieleza kwamba Mkristo anaruhusiwa kutumia dawa za kuondoa maumivu. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe ndipo akapewa jibu. Sisi tulirukia jibu.

Yako pia mambo madogo ambayo waamini hawaambiwi. Mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga Kwaresima, na mwenye kisukari asifunge bila ushauri wa daktari. Akila kabla ya Misa ili ameze dawa, bado anaweza kukomunika. Asiyeweza kupiga magoti akae. Mpako wa Wagonjwa si wa dakika ya mwisho tu: ugonjwa mzito wa muda mrefu unatosha, na hali ikizidi kuwa mbaya unaweza kurudiwa.

Bibi alipakwa mafuta mwezi uliofuata upasuaji. Sasa anameza kidonge chake saa mbili usiku, baada ya Rozari ya jumuiya. Mjukuu wake wa darasa la tano humkagua nyayo kwa tochi ya simu. Anasema moto haujazimika, ila usiku mwingine shuka analivumilia hadi magotini.