Matende: Sabuni Kabla ya Vidonge

Mwenye matende katika Horohoro, kama mwenziwe wa pwani yote ya Tanga, anao maadui wawili. Wa kwanza ni minyoo iletwayo na mbu, ambayo huharibu mishipa ya limfu, yaani ile ipitishayo majimaji ya mwili, hata mguu ukavimba. Wa pili ni bakteria wa ngozi, na huyu ndiye tutakayemsema leo.

Juu ya adui wa kwanza kazi kubwa imefanyika. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende ulianza mwaka 2000, na mwaka 2004 wananchi wa Mkoa wa Tanga wakaanza kugawiwa ivermektini na albendazoli. Dawa hizo huua minyoo michanga iliyomo damuni. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haziurudishi kama ulivyokuwa.

Katika mguu huo ngozi hukunjamana, na katikati ya vidole hutokea mipasuko. Bakteria waliokaa juu ya ngozi hupata mlango. Ndipo huja homa, mtoki na maumivu ya kumlaza mtu siku kadhaa, na kila shambulio huuzidishia mguu uvimbe.

Hapo wengi hukimbilia dukani kununua vidonge viwili vitatu vya antibaiotiki, na homa ikipoa huviacha. Twasema wazi kuwa mazoea hayo ni ya hatari. Bakteria dhaifu hufa, wenye nguvu husalia wakazaana, na siku ya haja dawa haifui dafu. Fleming, mvumbuzi wa penisilini, alilionya jambo hili mwaka 1945. Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua watu wapatao 1,270,000 duniani. Wala bakteria sugu hasimami forodhani Horohoro kuonyesha pasi. Leo yu Mkinga, kesho yu Lunga Lunga.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mguu na uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushwe vizuri katikati ya vidole, uinuliwe wakati wa kupumzika, na uvishwe kiatu kisichobana. Kazi hii hupunguza mashambulio, na shambulio lililozuiwa halihitaji kidonge. Homa ikija, mgonjwa aende zahanati, na dozi aliyoandikiwa aimalize.

Lakini hakuna aoshaye mguu kwa ndoo tupu. Basi jamaa, majirani na viongozi wa vijiji wayahesabu maji na sabuni kuwa ni dawa, wavifikishe kwa mgonjwa asiyeweza kwenda kisimani. Kuugua matende si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzetu ajifiche ndani.